Nilivyowatoa Hospitalini Mmoja Mmoja

Hospitali ile ilinifukuza kwa sababu nilikuwa nimesoma. Ninaandika hivyo moja kwa moja, ili mtu asije akanitafutia sababu nyingine. Sikuiba dawa, sikuchelewa zamu, sikumfokea mgonjwa. Nilikuwa na diploma ya uuguzi ya ngazi ya A1, iliyo juu ya A2 na A3, na katika milima yetu, kutoka Nyabiondo mpaka tunapoanza kushuka Walikale, sijamwona mwanamke mwingine aliyeondoka kwao na ndoo ya kufagilia akarudi na karatasi kama hiyo. Kama yuko, na ajitokeze, nitamsalimia.

Ndoo nasema ya kweli. Kabla sijawa muuguzi nilikuwa mfagiaji wa hospitali hiyo hiyo. Kwa miaka mitatu nilisukuma damu na maji kwa rakleti, ule mpira wenye mpini, katika chumba cha uzazi, tunachokiita materenite. Mkunga wa hapo, mama mnene mwenye magoti mabovu na mikono myepesi, ndiye aliyeniona. Siku moja alikuwa peke yake, akizalisha mapacha. Alinigeukia akasema, "Weye, acha hiyo rakleti, nawa mikono, shika huyu wa kwanza." Nikamshika. Tangu siku hiyo alinifundisha kila alichojua, na alipomaliza alisema, "Sasa enda Goma wakufundishe yenye mimi sijui."

Nilienda. Niliosha nguo za watu kwenye nyua za mawe meusi ya volkeno mpaka vidole vikapasuka. Nilikaanga mikate ya mafuta mbele ya lango la chuo, na kengele ikilia niliingia darasani nikinuka mafuta. Watoto wa wenye magari walihama benchi langu. Mwisho wa masomo majina yalibandikwa ukutani na langu lilikuwa juu yao. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Ningeweza kubaki mjini, nafasi zilikuwapo. Nilirudi nikiwa nyuma ya pikipiki, diploma ndani ya plastiki mbili kwa sababu ya mvua, kwa ajili ya yule mama.

Nilimkuta palepale, na shida yake palepale. Miaka kumi na saba ya kazi, na bado hakuwa na namba ya serikali. Kwetu muuguzi asiye na namba hiyo halipwi na serikali. Anangojea primu, yaani kile kidogo hospitali inachowagawia kutoka kwa malipo ya wagonjwa. Dosie yake, yaani faili la kuomba namba, alikuwa amempa msimamizi wa fedha, tuliyemwita jestioneri, siku alipofika kutoka mjini miaka sita nyuma, ili aipeleke ofisi ya afya kule Masisi. Kila alipouliza aliambiwa, "Iko njiani, mama." Naye alingoja. Mtu anayengojea namba haondoki, maana akiondoka anaanza upya.

Hospitali wakati huo ilikuwa inabanwa kila upande. Shirika la wageni lililokuwa likisaidia primu lilikuwa limefunga virago. Barabara ikiharibika, au ikifungwa kwa sababu tunazozijua, sanduku la serumu, yale maji ya kutundikiwa mgonjwa, lilipanda bei kabla halijatushukia. Na kando ya barabara vilikuwa vimeota vituo vidogo: mtu ana duka la dawa, anaweka vitanda viwili nyuma ya pazia, anaandika "kliniki". Wagonjwa wakagawanyika. Jestioneri aliona dawa moja tu ya hayo yote, nayo ni kukata. Alianza na jiko la wabebaji, wanaume wanaotuletea wagonjwa mabegani. Halafu akamtoa muuguzi aliyekuwa akipokea wagonjwa langoni, akamweka mlinzi. Halafu akafika kwangu.

Alifanya hivyo katika mkutano wa asubuhi, watu wote wamesimama.

"Mademuazeli," aliniambia, "diploma yako iko muzito kwa hospitali yetu. Primu ya A1 moja, ninapata A3 wawili."

"Na mu materenite mutaweka nani fasi yangu?"

"Wanafunzi. Wale hata hatuwalipe. Wao njo wanatulipa, juu wanakuja kujifunza."

"Na nani atawafundisha?"

"Mukunga si yuko? Amekufundisha weye." Kisha akatazama watu kama anayeona haya kwa utani wake mwenyewe, akaongeza, "Lakini kama unapenda kubaki, fasi ya kusafisha iko wazi. Ile kazi unaijua muzuri."

Wanne walicheka. Nawajua wote wanne.

"Papa jestioneri," nilisema, "mimi ninajua kazi ya chini na ninajua kazi ya juu. Weye unajua moja tu, ya kukata."

Mkunga alinifuata nje, akinishika kiwiko. Nilimwambia tuondoke wote wawili, siku hiyo hiyo.

"Na dosie yangu?" akauliza. "Nikitoka leo, miaka kumi na saba inabaki huku. Niko muzee, binti yangu. Nitaanza wapi tena?"

Pale, juu ya kokoto za ua, niliamua. Hospitali hiyo nitaitoa watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka jestioneri abaki na meza zake. Na mkunga atatoka na dosie yake mkononi. Bila dosie, ushindi wangu wote ungekuwa bure, kwa sababu mtu niliyerudi kwa ajili yake angeozea mle ndani.

Nilishuka upande wa Walikale. Karibu na Kashebere kulikuwa na kituo cha vitanda sita, cha mzee mmoja aliyekuwa zamani akiuza dawa. Vitanda vinne vilikuwa vitupu. Nilimwekea diploma mezani. Akaisoma akisogeza mdomo, akairudisha kwa mikono miwili.

"Mama, mimi sina cha kumulipa mutu wa hivi."

"Sijaomba mushahara. Tutagawana kile kitaingia. Nipatie miezi mitatu na jiko."

"Jiko?" Aliangalia tena ile diploma. "Weye uko muuguzi ao mupishi?"

"Niko vyote. Nipatie jiko."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo jestioneri hakulijua, maana alikuwa mtu wa mji. Mtu wa mji hudhani mgonjwa ndiye anayechagua hospitali. Kwetu mgonjwa mahututi hachagui kitu, amelala ndani ya kipoyi, kile kitanda cha miti na kamba, juu ya mabega ya wanaume wanne. Kila mlima una kikundi chake cha kubeba. Kila mwanaume mwenye mabega yumo, na anayejificha filimbi ikilia anatozwa dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, linalonywewa mbele yake bila yeye kuonja. Wanapokezana wakitembea, wa nyuma anaingia mbele, na kipoyi hakiguswi na udongo. Katika mlima wetu wazee hawataki mgonjwa atuliwe njiani. Anayetuliwa chini ni maiti. Wabebaji wanaweza kwenda mwendo wa saa nne kwa matope na hawatui.

Sasa wanafika kwenye lango la hospitali, jasho linawatoka, na mlinzi anawaambia, "Kwanza munanunua fishi." Fishi ni ile karatasi ya kuandikishia mgonjwa. Dirisha la fishi lina foleni. Wanasimama wakiwa na mtu mabegani mpaka magoti yanatetemeka, mwishowe wanamtua nje ya lango, chini, na mama yake anaanza kulia kana kwamba mtoto amekwisha. Zamani muuguzi wa langoni alikuwa akiwaingiza moja kwa moja, na nyuma ya jengo jiko liliwangoja na bugali na maharagi. Jestioneri alikata vyote viwili, akaandika kwamba amepunguza matumizi.

Mimi baba yangu alikuwa mbebaji. Kaka zangu ni wabebaji. Siku ya soko nilimtafuta mkubwa wa kikundi cha milima ya kati, wale ambao kwenye njia panda wanaweza kupanda kwenda hospitali au kushuka kuja kwetu, mwendo ni uleule. Nilimwambia maneno mawili. Wiki hiyo hiyo walishuka na mwanamke mwenye uchungu wa siku mbili.

"Mama, tutue wapi?" mkubwa aliuliza mlangoni, akihema.

"Musitue. Ingieni naye mpaka juu ya kitanda."

"Na fishi?"

"Fishi itaandikwa yeye akiwa analala."

Akawageukia wenzake. "Batu, tumepotea njia. Huku ni Ulaya."

Nilimweka mama yule mkono juu ya tumbo kabla mabega yao hayajatoka chini ya miti. Hiyo ikawa sheria ya kituo: mkono wa muuguzi unafika kwanza, karatasi inafuata. Mtoto alizaliwa mchana, mzima, akipiga kelele. Nje wabebaji walikuwa wamekaa kuzunguka sufuria.

"Ee, kuna chumvi!" alisema mmoja.

"Kule juu sasa wanatupatia salamu tu."

"Na salamu yenyewe ni ya mulinzi!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa, nikalazimika kumpiga mgongoni, na huyo naye wakasema nimemtibu bila fishi.

Sikuhitaji tangazo. Ndani ya miezi miwili mzee wangu alikuwa anatafuta mbao za vitanda vingine. Ndani ya miezi minne kule juu primu ilikuwa imekonda hata watu wakaona aibu kuitaja. Jestioneri akafanya anachokijua. Akakata tena. Kila alipokata, zamu zilirefuka kwa waliobaki, wagonjwa wakahudumiwa na wanafunzi waliokuwa wakitafuta mshipa kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na kipoyi kingine kikashuka kwetu.

Wa kwanza kunifuata alikuwa mtu wa maabara. Alifika akiwa na begi na redio.

"Dada, kule hakuna hata damu ya kuangalia," alisema. "Ninaangalia ukuta."

Nilimchukua palepale. Baada yake akaja msaidizi wa upasuaji, halafu wauguzi wawili wa wodi ya watoto. Kila mmoja nilimwuliza kwanza amemwachia nani zamu yake, si kwa huruma, nilitaka kujua tundu liko wapi kule juu. Katika wale wanne waliocheka, wawili walikuja. Mmoja nilimpokea nikampa zamu za Jumapili zote za mwaka, na hakunung'unika. Mwingine nilimkataa. Alikuwa na mikono mizuri, huenda alikuwa bora kuliko wote niliowachukua. Nilimwambia sababu machoni pake, akapanda mlima tena. Sijajutia. Watu husema kisasi kinachosha, mimi nilikuwa ninaamka nikiwa na nguvu.

Lakini mkunga alikuwa bado mle ndani, na kila mtu niliyemchukua alimwachia yeye mzigo. Wabebaji waliniletea habari zake. Wakunga wenzake wameondoka. Zamu ya asubuhi yeye, ya mchana yeye. Anakula akiwa amesimama. Nilimtumia chumvi na sabuni kwa mkubwa wa wabebaji. Chumvi aliipokea, sabuni akairudisha na neno.

"Amesema hivi," mkubwa aliniambia, akiiga sauti yake nzito. "Mwambie sabuni iko. Batu njo hawako."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa watu wale nilikuwa nao mimi.

Niliona siwezi kungoja. Nilivaa viatu vizuri, nikapanda pikipiki kwenda ofisi ya afya upande wa Masisi, siku nzima ya matope. Karani alikuwa kijana wa heshima. Alifungua daftari la dosie zilizopokelewa kutoka hospitali ile na kupitisha kidole mstari kwa mstari, miaka yote sita. Alimpata dereva. Alimpata mlinzi. Alimpata mpwa wa jestioneri, aliyeajiriwa juzi na asiyejua kupima joto. Mkunga hakumpata.

"Angalia tena, kaka."

Akaangalia tena. "Mama, dosie hii haijafika hapa hata siku moja."

Nitasema ukweli: nilifurahi kabla ya kukasirika. Nilikuwa nimemnasa jestioneri. Hakuwa amesahau, maana hakumsahau mpwa. Alikuwa amemfunga yule mama kwa kamba ya kungojea, kwa sababu mkunga wa miaka kumi na saba anayengojea namba anagharimu kidogo na haendi popote. Nilimwomba karani aandike barua: hospitali ilete dosie ya mtumishi huyu bila kukawia. Akaandika, mkubwa wake akatia sahihi, muhuri ukagongwa.

Nilifika hospitalini wakati wa mkutano wa asubuhi. Mlinzi alinizuia langoni.

"Fishi?"

"Mimi si mugonjwa. Mimi niko dawa. Pisha."

Ndani walikuwa wamebaki wachache hata chumba kilitoa mwangwi. Mkunga alikuwa ameegemea ukuta ili kupumzisha magoti. Nilimpa jestioneri barua mbele ya wote, na kwa kuwa hakuifungua, niliisema yote kwa kichwa. Nikataja na mpwa.

"Hii ni siasa," jestioneri alisema. "Huyu anafanya konkuransi, anashindana na sisi, anatuibia batu. Mama mukunga, usimusikilize. Dosie yako iko njiani."

Mkunga alijitoa ukutani polepole. "Njia gani hiyo ya miaka sita? Toka hapa mpaka Masisi, hata konokono angekuwa amefika, amekula, amerudi."

Mtu alicheka kwa pua.

"Tutaongea mu buro," alisema jestioneri.

"Tuende mu buro. Wote."

Tulimfuata ofisini. Mkunga alisimama mbele ya kabati la chuma. "Fungua."

"Ufunguo nimeacha kwangu."

"Papa." Sauti yake haikupanda. "Nimezalisha muke wako mara mbili kwa mikono hii. Mara ya pili weye ulikuwa unalia pale nje kama mutoto. Fungua."

Ufunguo ulitoka mfukoni mwa suruali. Dosie ilikuwa chini ya rundo, panya wamekula pembe moja. Mkunga aliifungua. Juu kulikuwa na picha yake ya miaka sita nyuma. Aliitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atalia. Nilitaka alie, ili jestioneri aone.

"Angalia," alisema, akinionyesha mimi. "Nilikuwa ningali na meno yangu yote."

Akaifunga, akaitia chini ya kwapa. Nilimwambia twende. Akanitazama kama zamani nilipokuwa nimemwaga maji safi.

"Kuna mama ndani, njia yake imefunguka sentimita saba. Nikimaliza naye, njo tunaenda."

Nilingoja kwenye benchi mpaka saa tisa mchana. Alitoka amenawa, koti jeupe amelikunja, akalikabidhi kwenye dirisha la fishi. Kipoyi cha kikundi chetu kilikuwa kinarudi kitupu kutoka kumfikisha mzee mmoja kwao, na wabebaji walipomwona anachechemea walimwekea mbele.

"Iko na ugonjwa gani?" mmoja aliuliza.

"Hasira," nikasema.

"Ee, basi ni nzito hii hasira," akasema mwenzake wakimnyanyua, na mkunga akampiga kofi la kichwa kutoka juu. Katika kila kijiji wanawake walitoka kuona nani anaumwa. Walipoona ni yeye, amekaa kama chifu, dosie mapajani, walipiga vigelegele bila kujua sababu.

Wiki hiyo materenite ya hospitali ilifungwa. Dosie niliipeleka Masisi mwenyewe, ikaandikwa kwenye daftari, tukapewa karatasi yenye muhuri kwamba imepokelewa. Mkunga alitaka karatasi hiyo ikae kwake, si kwenye kabati langu. "Mimi na makabati tumeachana," alisema. Namba haijatoka bado. Serikali ina mwendo wake. Lakini sasa inangojewa mahali inapoweza kutoka.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo yote yalikuwa furaha. Mwezi wa pili baada ya hapo alikuja mwanamke wa milima ya juu kabisa, ambaye kutoka kwao hospitali ilikuwa karibu, sisi tulikuwa mbali. Alikuwa na mtoto ndani ya kitenge, kitovu kimefungwa kwa uzi wa gunia.

"Ni weye njo ulimutoa mukunga kwetu?" aliniuliza.

"Ni mimi."

"Basi ujue mutoto wangu amezaliwa mu majani."

Mtoto alikuwa mzima. Nilimwosha, nikamchoma sindano yake, nikamlaza mama. Nilimlaumu jestioneri kwa hilo, na bado namlaumu, kwa sababu angeipeleka ile dosie mimi nisingepata nafasi. Lakini siku hiyo sikula.

Naye jestioneri akaja mwenyewe. Ilikuwa siku ya wajawazito, benchi limejaa mpaka mwisho. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na begi lake na vumbi mpaka kwenye nyusi. Wenye hospitali walikuwa wamemwambia, nilikuja kujua baadaye, kwamba hospitali bila materenite si hospitali, na asiporudisha mkunga na yeye atafute kazi. Aliuliza kama anaweza kumwona mkunga.

"Unaweza," nilisema. "Kwa foleni."

Akatafuta kiti kingine, hakikuwapo. Akaketi mwisho wa benchi. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akasogeza tumbo lake kumpisha, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Papa, weye uko wa miezi ngapi?"

Benchi lote lilitikisika.

"Mwache, huyo ni wa kwanza, anaogopa," mwingine akasema.

"Papa, kunywa maji mingi."

Alikaa na begi mapajani, na nilipita mbele yake mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Zamu yake ilipofika mkunga alimpokea amesimama, mikono yenye povu. Jestioneri aliomba arudi. Alitaja primu mpya. Alisema dosie ataipeleka kwa mkono wake. Mkunga akatoa kifuani karatasi yenye muhuri, akamwonyesha, akairudisha.

"Siku mbili kwa wiki tu, mama," akasema jestioneri. "Kwa sababu ya wamama wa juu."

"Hapana," nikasema mimi. Nilitaka hospitali ile ife kabisa, paa lianguke, mbuzi wazalie ndani.

"Weye nyamaza," mkunga aliniambia. "Hasira ni yako. Wamama ni wangu." Kisha akamgeukia. "Nitapanda siku moja, kila Jumanne. Wabebaji wananipandisha na wananishusha, na wao wanakula kwako. Na hakuna mwanafunzi anashika mutu nikiwa sipo."

Sikuweza kumpinga, maana alikuwa amewaona wanawake wale ambao mimi sikutaka kuwaona. Lakini sehemu yangu nilijitwalia. Nilisema mkunga sasa ni mtumishi wa kituo changu, na hospitali ikitaka msaada wa kituo changu iuombe kwa barua, leo, hapa. Jestioneri aliandika juu ya goti, kwenye lile benchi, wanawake wakichungulia herufi. Aliponiletea, niliona ameandika "Kwa muuguzi wa kituo".

Nikamrudishia. "Cheo hakiko kamili."

Alitoa karatasi nyingine, akaanza upya, na safari hii aliandika jina langu, cheo changu chote, na ngazi ya diploma ninayoishika, A1, kwa herufi kubwa, na chini yake akaomba "kwa heshima" tumkopeshe mkunga siku moja kwa wiki. Akatia sahihi.

Niliisoma kwa sauti mbele ya benchi zima, polepole, yeye akiwa bado amesimama. Halafu nikaisoma tena. Mara ya pili haikuwa ya lazima.